Jirani akiugua ugonjwa wa mlipuko, ni sawa kumtaja jina na kurusha picha yake kwenye grupu la mtaa?

#1 Mama Shamsa (mleta uzi)
Habari za Jumapili wakuu. Nina dukuduku nimelala nalo wiki nzima.

Binti wa mdogo wangu ana miaka saba. Alitoka vipele akiwa shule, akachukuliwa akapelekwa zahanati, wakasema ni tetekuwanga, abaki nyumbani mpaka vikauke. Wakiwa kituoni na mama yake wanasubiri daladala, kuna mtu akampiga picha. Jioni picha iko kwenye grupu la mtaa. Uso unaonekana, sare ya shule inaonekana, na chini yake: "Mpox imeshaingia kwetu, huyu mtoto anakaa kwa mzee fulani, tuchukue tahadhari." Jina la babu yake limeandikwa yote matatu.

Kesho yake mwalimu anapiga simu. Muuza genge anamwambia mdogo wangu aweke noti mezani, asimpe mkononi. Mtoto anauliza kwa nini rafiki zake hawaji kucheza.

Aliyerusha namjua, ana watoto wanne. Nilimfuata, akanijibu usoni: "Nilikuwa naokoa wanangu. Ungekuwa wewe ungenyamaza?" Nilikosa la kusema, nikaondoka. Ndiyo nauliza hapa. Ungekuwa wewe?

#2 Kipepeo wa Mbagala
Pole sana dada, mpe mtoto pole. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Baharia72
Nitasema lisilopendwa: ningerusha. Labda bila uso, lakini ningerusha.

Mmesahau 2020? Takwimu za korona zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, baada ya hapo kimya zaidi ya mwaka mzima. Sisi tulijuaje nani kalazwa na nani kazikwa usiku? Ni magrupu. Mimi niliacha kwenda msiba mmoja kwa sababu ya ujumbe wa grupu, na waliokwenda wengi waliugua. Mama Shamsa nakuonea huruma kwa dhati, lakini huyo mama mwenye watoto wanne naye namwelewa. Mtu asipopewa habari atajitafutia.

#4 nesi_wa_zamu
Pole mama. Naomba niseme kama mtu wa wodini.

Kwanza, mtoto wa tetekuwanga mara nyingi utamkuta na vipele vya kila aina kwa wakati mmoja: kipya, chenye maji, kilichokauka. Mpox kwa kawaida vipele vinakwenda pamoja, tezi zinavimba, na vinaweza kutokea viganjani na nyayoni. Hata hivyo sisi wenyewe hatukati shauri kwa macho. Maabara ndiyo inayosema. Sasa mtu yuko kituo cha daladala, hatua kumi kutoka kwa mtoto, ameshapima na kutoa majibu.

Pili, Baharia72, ugonjwa wa mlipuko unazimwa kwa majina, kweli, lakini majina hayo anayataja mgonjwa mwenyewe kwa hiari, akimnong'oneza mhudumu anayemwamini: nililala kwa fulani, nilikula na fulani, nilipanda gari na fulani. Kwa Marburg au Ebola hao wote wanafuatiliwa siku 21. Siku mgonjwa atakapojua kwamba majina hayo yatakuwa grupuni kabla ya magharibi, hatataja hata moja. Atakwambia "nilikuwa nyumbani tu." Hapo umeokoa nani?

#5 Baharia72
@nesi_wa_zamu sawa, lakini tuseme ukweli. Majina mengine yanatokea huko huko kwenu. Mwaka 2020 karatasi za majibu zilikuwa zinazunguka simuni, na mimi mlinzi sina ufunguo wa maabara.

#6 nesi_wa_zamu
Hilo sikatai. Nimewahi kumwona mwenzangu akipiga picha faili "amwonyeshe mume wake tu". Niligombana naye na hatujapatana mpaka leo.

#7 Mkisauni
Salaam kutoka Mombasa. Kwetu mfano mkubwa ni mgonjwa wa kwanza wa korona. Alipopona, mwanzoni mwa Aprili 2020, alijitolea kuongea hadharani, hata Rais Uhuru Kenyatta akaongea naye kwa video, ili watu waone ugonjwa huu mtu anapona. Badala ya shukrani, mitandaoni wakasema kalipwa, wakachimbua maisha yake na picha zake za faragha zikaanza kuzunguka. Waziri wa Afya wa wakati ule, Mutahi Kagwe, ilibidi asimame kukemea. Mimi nilikuwa na shemeji yangu ana kikohozi wakati huo. Aliyatazama hayo yote simuni, akaapa hapimwi ng'o.

#8 Dogo wa Ubungo
Yule si alitoka China?

#9 Mkisauni
La, mwanangu. Alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, alitoka Marekani akapitia London. Hiyo ya China ni watu tu walikuwa wakimtazama kila Mchina barabarani kama kirusi chenyewe.

#10 Dogo wa Ubungo
Asante kwa sahihisho. Lakini mbona mwanamuziki Mwana FA alitangaza mwenyewe Instagram Machi ile ile kwamba ana korona na watu wakamwombea dua? Hakuna aliyemtukana. Baadaye mwaka huo huo akawa mbunge wa Muheza.

#11 Mama Shamsa
Dogo umegusa penyewe. Mwana FA alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, wakati alioutaka. Na alikuwa mwanamume mwenye jina. Yule dada wa Kenya naye alisema mwenyewe, ila hakuwa na jina, na ni mwanamke. Sasa mtoto wa miaka saba ambaye hakusema chochote anapata nini?

#12 Fundi Simu Kkoo
Mimi nitaongea kuhusu chombo. Watu wa zamani walisema umbea haujaanza leo, ni kweli, ila umbea wa kisimani ulikuwa unachoka njiani. Huu hauchoki.

Ujumbe uliorushwa sana unakuwa na mishale miwili, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hawaruhusu kuufowadi kwa zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja. Waliweka hivyo kwa sababu ya uvumi wa korona. Lakini mtu akipiga skrinshoti, mishale inakufa. Inakuwa picha mpya kabisa, inaanza safari upya kama haijawahi kurushwa. Wateja wangu wengi hawalijui hili.

Mama Shamsa, aliyerusha anaweza kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na saa kumi na mbili hivi. Admini wa grupu naye anaweza kuufuta. Lakini simu ambazo picha zinajihifadhi zenyewe, picha imeshakaa huko. Nimeshika simu za watu mpaka leo zina picha za wagonjwa wa 2020, mwenyewe hajui kama anazo.

#13 Dogo wa Ubungo
Fundi, si walisema watu watano?

#14 Fundi Simu Kkoo
Watano ni kikomo cha ujumbe wa kawaida, tangu 2019. Huo wa mishale miwili ndio wakaubana hadi mmoja.

#15 Kinara wa Reli
Nami nina kisa. Kinaunga mkono upande wa Baharia72.

*[Sehemu ya ujumbe huu imefutwa na mwandishi. Angalia #24.]*

...na kwa sababu watu walijua mapema, hakuna hata mmoja mwingine aliyeugua mtaani. Kwa hiyo wakati mwingine kutaja kunasaidia.

#16 Mwalimu wa Bukoba
Nawasalimu. Sisi watu wa Kagera mjadala huu tumeuishi mara tatu.

Ukimwi ulipoonekana kwetu mwaka 1983, watu waliuita Juliana, kutokana na vitambaa vya magendo vilivyokuwa vikitoka Uganda. Mtu aliyekonda alinyooshewa kidole, "huyo kavaa Juliana." Jina la ugonjwa likawa jina la mtu. Familia zilificha wagonjwa vyumba vya nyuma, na wengi walikufa bila hata maji ya kunywa karibu. Upande wa pili wa mpaka, mwaka 1989, mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama akasema anao, akazunguka mashuleni na makanisani mpaka alipofariki Desemba mwaka huo. Wazee wetu waliomsikia wanasema ndiyo mara ya kwanza ugonjwa ule ulipata sura ya binadamu.

Kisha Marburg, Machi 2023 hapa Bukoba, na tena Januari 2025 kule Biharamulo. Mara zote mbili ilimalizika ndani ya miezi michache. Lakini mwaka 2023 nilikwenda Mwanza kikazi, mwenye nyumba ya wageni alipoona kitambulisho changu kimeandikwa Kagera akaniambia vyumba vimejaa. Vilikuwa wazi, nilikuwa naona funguo zimening'inia. Mtu mmoja akirushwa, mkoa mzima unarushwa pamoja naye.

#17 Baharia72
Mwalimu wewe kila uzi lazima utupeleke darasani 😄 Ila hilo la funguo limeniingia.

#18 Wakili Mchanga
Kwa Tanzania mlango upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo, inapokea malalamiko. Humo taarifa za afya ni taarifa nyeti, na za watoto pia. Kwa hiyo huyo binti analindwa mara mbili.

Ugumu ni huu: sheria inazungumza na "mkusanyaji" na "mchakataji" wa taarifa. Hospitali iliyovujisha faili, hapo hakuna mjadala. Lakini jirani mwenye simu je? Wenzangu wengine wanasema akishaweka kwenye grupu la watu mia mbili hayuko tena kwenye mambo yake ya nyumbani. Wengine wanasema sheria haikutungwa kwa ajili ya majirani. Mimi niko na wa kwanza. Ukiniuliza leo, ningeanza na Ofisi ya Serikali ya Mtaa, kisha Tume, huku nikiwa na skrinshoti yenye tarehe.

#19 Mkisauni
Kwetu Katiba ya 2010, Ibara ya 31, inataja hilo moja kwa moja: mambo ya familia yako na yako binafsi yasianikwe bila sababu. Na mahakama imewahi kulisimamia. Februari 2015 Rais aliagiza ikusanywe orodha ya wanafunzi wanaoishi na VVU. Nia ilisemwa ni njema, wapate huduma. Wanaharakati wakaenda kortini, Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema hapana, ni kinyume cha Katiba. Kama Rais hakuruhusiwa kutengeneza orodha, sembuse admini wa grupu?

#20 Mpemba wa Maskati
Asalaam aleikum. Mie nataka niguse ambalo hamjaligusa: sisi wenyewe tunajianika.

Grupu letu la watu wa kwetu huku Oman, hapiti mwezi haujaletwa mchango wa matibabu. Mgonjwa kitandani, mdomo wazi, mipira puani. Barua ya daktari yenye jina, umri, namba ya faili na maradhi yote. Chini yake namba ya simu ya kutumia pesa. Wakati wa korona ilikuwa kila wiki. Na bila hiyo karatasi watu hawatoi, watasema utapeli. Nami ni mmoja wa hao, nisiposoma barua ya daktari mkono wangu mzito.

Mama yangu mkubwa alipougua 2021, mwanawe aliweka kila kitu. Pesa zikapatikana, alitibiwa, alhamdulillahi yuko hai. Lakini alipopata fahamu akaonyeshwa ile picha yake bila mtandio, mbele ya wanaume mia tatu. Alilia siku mbili. Hakumsamehe mwanawe upesi. Sasa hapo nambieni, kijana alikosea?

#21 Kipepeo wa Mbagala
Mpemba, umenifanya nifungue stetasi yangu nikafute kitu. Na 2021 mimi niliweka picha ya kadi yangu ya chanjo kwa furaha, jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na ile alama ya mraba ya kuskani. Sikuwaza kabisa.

#22 Fundi Simu Kkoo
Dada futa hiyo leo. Jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho vikikaa pamoja, tapeli anayejifanya wewe ana pa kuanzia.

#23 nesi_wa_zamu
@Kinara wa Reli, nimerudi kusoma #15. Mkuu, bila ubaya: umetutajia kazi ya mtu, gari analoendesha, rangi ya nyumba yake, msikiti ulio jirani, mkoa aliolazwa na mwezi aliolazwa. Mimi siishi huko na bado nimeshajua pa kugonga hodi. Jina ndilo pekee hukuandika.

#24 Kinara wa Reli
Umenikamata. Nimeifuta. Niliandika nikijua nasaidia hoja, sikuona kabisa kwamba namwanika mtu. Samahani wote, na samahani kwake.

#25 Bahati wa Goma
Jambo wote. Mtaniwia radhi, Kiswahili changu ni cha Goma.

Ebola ya Kivu ilianza Agosti 2018 ikaisha Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikufa. Hapa mjini ilifika Julai 2019. Kwenye kwartie (mtaa) yetu ilizunguka picha ya karatasi, majina ya waliogusana na mgonjwa, kwa mkono, na simu zao. Nilikuwa wa nne kwenye orodha. Mie sikuwa na homa, sikuwa na kitu. Usiku ule watu wawili wa orodha ile walihama, na hakuna aliyejua wamekwenda wapi. Walihama kwa kuogopa majirani, si Ebola. Timu ilipofika asubuhi na kipima joto ilikuta mlango umefungwa.

Baharia72 anasema watu wanajitafutia habari kwa sababu serikali inanyamaza. Kwetu hawakunyamaza, redio ilisema kila siku. Watu hawakuamini tu. Walisema Ebola ni biashara. Wakaamini ile karatasi, maana ilikuwa na majina ya watu wanaowajua.

#26 Baharia72
Bahati, pole sana ndugu yangu. Hapo umenitikisa. Lakini bado nasema, kutokuamini nako kunatoka mahali. Mtu akidanganywa mara tatu, ya nne hata ukimpa ukweli hauchukui.

#27 Dogo wa Ubungo
Dawa ni kufanya kama Korea Kusini. Wao walitangaza majina ya wagonjwa wote na korona ikadhibitiwa.

#28 Mwanafunzi wa Busan
Dogo, nilikuwa huku 2020. Hawakutangaza majina. Simu ililia, ukapata ujumbe: mgonjwa wa namba fulani, jinsia yake, rika lake, saa fulani alikuwa mgahawa fulani, kisha duka fulani. Serikali ilipata nguvu hiyo kisheria baada ya mlipuko wa 2015 wa MERS, ugonjwa wa mapafu wa jamii ya korona, ilipoficha majina ya hospitali na wananchi wakakasirika sana. Kwa hiyo hoja ya Baharia72 ina mashiko, huku nako kimya kilileta hasira.

Lakini watu walikuwa wanaunganisha vipande. Saa tano usiku alikuwa hotelini na nani? Wakamtafuta, wakampata, wakamcheka. Ilifika mahali wanaogopa kusemwa kuliko kuugua. Baadaye wakapunguza, wakabaki na mahali na muda tu. Na mimi naona hapo ndipo pazuri: nataka kujua mgonjwa alikula mgahawa gani na saa ngapi, sihitaji kujua ni nani.

#29 Mwalimu wa Bukoba
Busan, hoja nzuri kwa mji wa watu milioni tatu. Kijijini kwetu ukisema "duka la karibu na mnada, saa nne" umeshamtaja mtu, baba yake na ukoo wake.

#30 Mkisauni
Jamani nami nimechungulia huko juu, kumbe kuna aliyemnukuu Kinara kabla hajafuta. Dogo, kwenye ule ujumbe wako wa kumwuliza "ni lori la rangi gani?" maneno yote ya mwanzo bado yapo.

#31 Dogo wa Ubungo
Dah. Nimeufuta wote. Sikumbuki kama niliutuma na kule kwenye grupu la wanangu, ngoja nikaangalie.

#32 Mama Shamsa
Nimesoma kila ujumbe, asanteni. Wakili, skrinshoti ninazo.

Taarifa: yule mama alijaribu kuifuta juzi, baada ya siku tano, muda ulikuwa umeshapita. Na jana usiku dada yetu aliyeko Tunduma kanitumia picha ile ile, kaipata kwenye grupu la wafanyabiashara, imeandikwa "mtoto wa mpox, Mbeya." Hakujua kama ni mtoto wa mdogo wake, maana wameikata wamemziba macho kidogo. Mimi nilimjua kwa mkoba. Niliununua mimi.

Vipele vimekauka, Jumatatu anarudi shule. Mama yake anataka kumhamisha. Babu anasema asihamishwe, atakuwa amekubali.

#33 Kipepeo wa Mbagala
Mimi niko na babu.

#34 nesi_wa_zamu
Mimi niko na mama. Yeye ndiye anayemfunga kamba za viatu asubuhi akilia.

#35 Kinara wa Reli
Nami nina swali, mnisaidie. Yule dereva ni rafiki yangu, na ujumbe wangu ulikaa hapa saa sita kabla sijafuta. Nimwambie?

#36 Mpemba wa Maskati
Mwambie. Leo leo, na kwa sauti, usimwandikie.

#37 Baharia72
Mimi nisingemwambia. Hajaumia bado, kwa nini umuumize?

#38 Dogo wa Ubungo
Nimeangalia kule kwa wanangu. Niliutuma. Watu kumi na tisa wameuona. Kinara, nipigie.